Hina Ilisubiri Mpaka Raya Aombwe Radhi

Alkhamisi, Pujini. Magharibi imeshaadhiniwa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba isiyokatika, na nyumba nzima inanuka hina kwa sababu mikono yangu inanuka hina.

Leo nimelipiza.

Nimetafuta neno zuri zaidi la kuandika hapa, sikulipata. Basi ndilo hilo hilo. Nimelipiza, na moyo wangu umetua kama mtu aliyeshiba baada ya kufunga siku ndefu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, Raya ni mwanangu, ana miaka sita. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio kabla hajajua kutembea. Alipofika miaka minne alipasuliwa Dar, akawekewa chombo chini ya ngozi ya kichwa, nyuma ya sikio. Kwa nje anavaa kijimashine sikioni, na kutoka hapo unakwenda waya mpaka kwenye kidude cha duara ambacho sisi nyumbani tunakiita kifungo, maana kimefanana na kifungo cha koti. Kifungo hakifungwi wala hakibandikwi kwa gundi. Ndani ya kichwa mna sumaku na kwenye kifungo mna sumaku, zinavutana juu ya ngozi. Kifungo kikiwepo, Raya anasikia. Kikitoka, hasikii hata radi.

Kwa hiyo ukimvua kifungo bila ya kumwambia, umemvua sikio. Hili nimeshawaeleza jamaa wote, na kila mmoja alitikisa kichwa akasema amefahamu.

Ijumaa iliyopita tulikwenda kuchagua mchele kwa wifi yangu, Bi Mize. Bi Mize ni dada mkubwa wa mume wangu, Faki, na kesho inshaallah anamwoza binti yake, Thuwaiba. Wanawake wa mtaa mzima tulikaa na masinia, wengine wanachagua mchele, wengine wanamenya vitunguu thomu, makelele juu. Thuwaiba mwenyewe alikuwa chumbani kafungiwa, maana bi harusi hakai na watu siku hizo. Mimi nikatoka uani kuangalia chai.

Nikiwa huko nikasikia kicheko kikubwa kutoka ndani. Na katikati ya kicheko kile nikaisikia sauti ya mwanangu, naye anacheka. Wallahi nilisimama na birika mkononi nikafurahi. Nikajisemea, leo wamemchukua, leo yumo.

Nikaingia.

Raya alikuwa amesimama katikati ya mkeka, kichwa wazi, mtandio umevuliwa. Kifungo kiko mkononi mwa shangazi yake. Na pale nyuma ya sikio, palipo na sumaku, zimeganda pini za mitandio, zimetokeza kama miba ya tunda la shokishoki. Bi Mize anaongeza nyingine, anawaambia wenzake watazame, hii nayo inashika. Watu wanapangusa machozi kwa kucheka. Na Raya, ambaye hasikii kitu, anawatazama midomo, anaona meno, anacheka pamoja nao.

Ile sura yake sitaisahau mpaka naingia kaburini.

Niliziondoa pini, nikachukua kifungo, nikamfunga mwanangu mtandio wake, tukatoka. Nyuma yangu Bi Mize akasema, "Ee wifi, umekasirika? Utani tu huo." Na watu wakacheka tena.

Jumamosi akaenda chuoni kusoma Kurani kama kawaida. Lakini watoto wana mama zao, na mama zao walikuwepo pale kwenye mchele. Watoto hao walikuwa wakimngoja na pini mikononi. Walimwita Sumaku. Alirudi na mkwaruzo kichwani, kifungo kakifumbata, hajakivaa. Nilipomvisha akasikia akaniambia, "Mama, walinicheka mimi."

Alikuwa anasema ile Ijumaa. Alikuwa amefahamu sasa.

Akakitoa kifungo, na mashine yake pamoja, akakitia kwenye mkoba wangu, akaufunga zipu. Tangu siku hiyo hakukivaa. Kila nikimpa ananirudishia, bila ya kulia, kwa adabu, kama mgeni anayerudisha kikombe. Hakwenda chuoni. Hakuzungumza. Mtoto aliyekuwa akiniuliza jina la kila ndege akarudi kunivuta nguo na kunionesha kwa kidole.

Mwalimu wake wa kusema, yule wa Dar anayetupigia simu, aliniambia jambo lililonikosesha usingizi. Alisema kila siku asiyovaa, maneno aliyoyapata yanamponyoka. Lakini akasema kubwa si hilo. Kubwa ni kuwa mtoto akishaona kwamba sikio linamletea kicheko, anaweza kuchagua kukaa bila ya sikio, na hapo hakuna daktari wa kumrudisha.

Basi nikaona wifi yangu amemtia mwanangu uziwi mara ya pili. Ule wa kwanza ulitoka kwa Mungu na nilipokea. Huu sikuupokea.

Sasa mimi kazi yangu ni kuchora hina. Kusoma niliishia kidato cha pili, lakini mkono wangu Mungu kaujaalia, na kutoka hapa mpaka Chake wanaujua. Bi Mize alikuwa ameshatangaza kwa watu wa upande wa bwana harusi kwamba Thuwaiba atachorwa na mimi. Na huu ni Shaaban, kila mtu anaoza kabla ya Ramadhani, hakuna mchoraji aliyekaa bure Pemba nzima.

Mtu ataniambia, bi harusi ni bi harusi hata bila ya hina. Mwambie hivyo mtu wa kwengine. Hapa kwetu mikono mitupu siku ya harusi itazungumzwa mpaka watoto wake wazae.

Niliamua kususia.

Na kususia Mpemba hafundishwi. Mimi nimekulia katika miaka ile ya uchaguzi, watu wanasusiana misikiti kwa sababu ya bendera za vyama, wanasusiana maduka, wanasusiana maziko. Nilikuwa mdogo siku ya harusi ya mama yangu mdogo, masufuria ya biriani yamejaa uani, na nusu ya kijiji hawakuja kwa sababu juu ya paa letu palikuwa na bendera wasiyoitaka. Nawakumbuka kuku wanavyokula biriani. Mama yangu mdogo mpaka leo ukimtajia siku ile anainuka anaondoka. Kwa hiyo nilijua vizuri sana jinsi silaha hii inavyokata, na nilitaka ikate.

Faki alirudi Jumatatu kutoka Mkoani, anakofanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Nikamweleza yote, nikamwambia siendi kuchora. Bi Mize ndiye aliyemlea baada ya wazee wao kufa mapema, kampeleka skuli, kamwogesha, kamtafutia mke, na huyo mke ni mimi. Faki akasema kwa sauti ya chini, "Susia ukitaka, sikuzuii. Lakini Thuwaiba hakucheka."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli.

Nikakaa nayo hiyo kweli siku mbili. Nilikuwa nakanda hina huku nafikiri, natia ndimu, natia chai ya rangi, natia mafuta ya makonyo ya karafuu, nafikiri. Nikisusia, watu watasema nina roho mbaya, watalia na bi harusi, na lile la Raya litasahauliwa kabla ya Ramadhani. Bi Mize ataonewa huruma. Hapo nikaona sitaki kukaa nyumbani kwangu nikasusia. Nataka kususia nikiwa hapo hapo kwake, juu ya mkeka wake, watu wakiniona.

Leo asubuhi nikamwogesha Raya, nikamvisha gauni la Idi, tukaenda na mvua yetu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wale wale wa mchele, na wengine. Spika inapiga taarabu. Thuwaiba kakaa na mto mgongoni, miguu kainyoosha, mikono kaiweka mapajani viganja juu, kama mtu anayeomba dua. Nikatoa beseni langu lenye koni za hina, nikalifunika kanga, nikaliweka pembeni. Nikaomba kahawa. Nikanywa kahawa.

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema kwa mvua hii hina itakauka lini. Mwengine akasema labda mchoraji anasubiri wahyi. Wakacheka. Mimi nikaongeza kahawa. Thuwaiba akaniinamia, macho yameshaanza kujaa, akaniuliza, "Mkaza mjomba, nimekukosea nini?" Nikamwambia si yeye, namsubiri mama yake.

Bi Mize akaja kutoka jikoni anapangusa mikono kwa kanga. Ni mwanamke mkubwa, mwenye haiba, akiingia mahali watu wanajipanga.

"Wifi, hiyo hina unaichora au unaiotesha?"

"Hina tayari. Imebakia radhi ya Raya."

Akacheka, akawatazama watu wamsaidie kucheka. Wachache walimsaidia. Akasema yale ya pini yalikuwa utani, nani asiyejua kwamba mawifi hutaniana, na kama nimeumia basi nimsamehe, yaishe, tufanye kazi.

Nikamwambia, "Nitanie mimi mpaka uchoke. Raya si wifi yako, ni mtoto wa nduguyo. Na mimi hukunivua sikio."

Hapo hawakucheka tena.

Nikaomba spika izimwe. Nikaeleza kwamba palipo na makelele Raya hayapati maneno vizuri. Msichana mmoja akainuka akazima. Nikakumbuka kwamba miaka yote tunayokwenda nyumba ile, hakuna aliyewahi kuzima kitu chochote kwa ajili ya mwanangu. Mvua ikasikika juu ya mabati.

Raya alikuwa ubavuni kwangu, kimya chake kimemzunguka, hajui kinachoendelea. Nikamwonesha mkoba. Nikamwonesha shangazi yake. Nikamfanyia ishara kwamba ana neno naye. Alifikiri, yule mtoto. Alimtazama shangazi yake juu mpaka chini. Kisha akafungua zipu mwenyewe, akavaa kijimashine, akapandisha kifungo chini ya mtandio mpaka kikashika.

Bi Mize akaanza kuniambia mimi, juu ya kichwa cha mtoto, nimwambie Raya kwamba shangazi yake alikuwa anacheza. Nikamwambia Raya yuko mbele yake, amwambie mwenyewe. Na akae chini, kwa sababu anatazama midomo.

Akakaa. Yule mwanamke wa watu akakunja magoti yake mabovu mbele ya mtoto wa miaka sita, na ukumbi mzima unatazama. Akasema kitu upesi upesi, ndani ya mdomo.

Nikamwambia hakumpata, aseme polepole.

Akasema kwa ukelele. Nikamwambia asipige ukelele wifi yangu, polepole tu inatosha.

Naandika hapa kwa sababu hapa sitaki kudanganya. Mara ile ya pili Raya alikuwa ameshasikia. Niliuona uso wake. Nilimrudisha wifi yangu mara nyengine kwa ajili yangu mwenyewe, na ilikuwa tamu.

Mara ya mwisho Bi Mize hakuwatazama watu. Alimtazama mtoto. Sauti ilikuwa imeshuka, mabega yameshuka.

"Raya. Mimi shangazi yako nilikosa. Nilikuvua sikio lako nikakuchezea mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu."

Raya akamtazama. Halafu akaanza kuwatazama wale wanawake, kutoka mlangoni mpaka dirishani, uso kwa uso, bila ya haraka. Wengine waliangalia chini. Akarudi kwa shangazi yake akasema, kwa ile sauti yake nzito inayokatakata maneno:

"Sitaki. Mlicheka."

Mimi sikuwa nimelipanga hilo. Katika hesabu zangu zote, Raya alikuwa anasema ndiyo, Bi Mize anabusu kichwa chake, mimi nafungua beseni. Sikupata kufikiri kwamba mtoto akiombwa radhi anaweza kuikataa.

Mama mmoja mzee, somo anayemfunda Thuwaiba, akaniambia nimfundishe mtoto aseme nimesamehe, hina inaharibika, mtoto anajua nini. Na watu wote wakanigeukia mimi. Thuwaiba ameshaanza kulia, mikono bado viganja juu, hata machozi hapangusi.

Mdomo wangu ulifunguka, nusura niseme. Ndivyo tulivyolelewa sote, unamsukuma mtoto mgongoni, sema nimesamehe, hata hasira haijatoka. Maneno yalifika kwenye ulimi.

"Kaulizwa yeye," nikasema. "Kajibu yeye."

Bi Mize akainuka kwa kushika ukuta. Hakuna aliyemsaidia, labda kwa sababu hawakujua kama kumsaidia ni vizuri au vibaya. Kutoka nyuma sauti moja ikasema, "Basi na sie tupange foleni, maana sote tulicheka." Hakuna aliyeitikia utani ule.

Nikafunua beseni. Mimi nilisema hina inasubiri aombwe radhi, na radhi imeombwa. Kusamehe hakukuwa kwangu. Nikauchukua mkono wa Thuwaiba, nikaupangusa machozi, nikaanza.

Sijapata kuchora vile. Maua yalipanda kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, majani membamba kama yamepulizwa, na miguuni nikamtia kazi ambayo sijamfanyia mtu yeyote. Na sikuifanya kwa mapenzi matupu. Nilitaka kesho kila atakayeishika mikono ile aulize nani kachora, na akishaambiwa nani, aambiwe pia kwa nini ilichelewa kuanza. Nilitaka hadithi itembee na hina.

Nilipofika mguu wa pili niligundua kwamba Raya hayupo ubavuni kwangu. Alikuwa kakaa karibu na Thuwaiba na kipepeo cha ukili, anampepea mikono ikauke. Kifungo kipo kichwani. Thuwaiba akamwambia, "Raya, mimi sikuwepo siku ile." Raya akasema, "Najua." Akaendelea kupepea.

Sikuinua uso. Ningeuinua ningelia, na sikutaka wanione nalia baada ya yote yale.

Yangeishia hapo ningefunga simu nikalala. Lakini baada ya alasiri Bi Mize kaja nyumbani kwangu. Peke yake, na mwavuli, bila ya watu wa kumtazama, jambo ambalo sikulitegemea. Akapiga hodi, akasimama barazani.

Raya alimwona kabla yangu. Akakitoa kifungo kichwani, akakitia mkononi mwangu, akavifumba vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Kisha akamgeukia shangazi yake, akamkodolea macho.

Bi Mize akazungumza. Alizungumza mengi, na safari hii yalikuwa ya kweli, nakubali. Alisema tangu asubuhi hajala. Alisema alipomwona mtoto anacheka siku ile alidhani amefurahi. Mimi ndiye niliyeyasikia peke yangu.

Nikamwambia, "Wifi, hakusikii."

"Kwani hukumvisha?"

"Kavua mwenyewe. Alipokuona."

Alisimama kidogo, mvua inamwagika kwenye mwavuli. Akaondoka.

Raya akamsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kwenye mikarafuu. Ndipo akaninyooshea mkono, akataka kifungo chake. Akavaa. Akaniuliza, "Kasema nini?" Nikamwambia kweli, kaomba tena.

"Tena?"

"Tena."

Akatia tonge la muhogo mdomoni, akatafuna. "Kesho aombe tena," akasema.

Nilicheka mpaka Faki akatoka ndani kuuliza kuna nini. Na nilipomaliza kucheka nikaingiwa na hofu. Hiki ni kitu gani nilichomfundisha mwanangu leo? Wiki nzima hakutaka sikio kwa sababu ya aibu, na sasa analivua na kulivaa kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hilo nalitaka. Nalitaka sana. Lakini ataishi na watu hawa, Bi Mize ni damu yake, na atakapokuwa mkubwa sipendi awe na moyo kama huu wangu wa leo. Kusamehe ntamfundisha. Mola wangu ananisikia, ntamfundisha.

Wiki hii, hapana. Wiki hii bado kuna la chuoni, na Jumamosi ntampeleka mwenyewe, na ustadhi atanieleza alikuwa anatazama wapi pini zilipokuwa zinatolewa.

Sasa hivi Raya kaja kuniuliza kama kesho harusini spika itakuwepo. Nimemwambia ipo. Kafikiri, kisha kasema basi tukae mbali nayo, karibu na Thuwaiba, apate kusikia watu wanasema nini.

Tutakaa hapo. Na atakayekuwa amekaa hapo, hata kama ni mama wa bi harusi, atatupisha.